Waya wa Kibombo

Kindu, tarehe 9 mwezi wa tatu 1987

Kwa Papa Badibanga, mukubwa wa gare ya Kibombo
Kwa mkono wa Nestor, mlinzi wa treni

Papa mupenzi,

Moyo, nakusalimu! Mimi mutoto wako Malu niko muzima, sina malaria tangu Noeli. Nestor atakupa barua hii pamoja na sabuni na sukari. Akisema sukari ilimwagika njiani, mwangalie vizuri midomo.

Nina ulizo moja, na usinicheke. Unakumbuka biro, ofisi ya mizigo ninamofanya kazi hapa stesheni, gare ya Kindu, iko ukuta kwa ukuta na chumba cha telegrafu. Chumba kile kimefungwa tangu mzee Kalonji ashike pension yake. Hakuna aliyewekwa nafasi yake. Siku hizi shefu Ngoyi anasema na magare mengine kwa phonie, redio ile ya kuongea, siku ile phonie inapokubali. Basi jana asubui, nikiwa peke yangu, mbele ya wengine kuingia, nikasikia kitu kinagonga mule ndani. Nikafikiri panya. Lakini panya hapumziki namna ile. Nikaweka sikio ukutani: kinagonga, kinangoja, kinagonga tena, kama muntu anayepiga meza kwa kidole huku akifikiri. Leo asubui tena.

Papa, ni wewe? Na kama ni wewe, unaongea na nani?

Habari ya pili. Mubelgiji aliyekuwa anapima njia ya reli amerudi kwao, ameachia biro ordinatere yake. Ni kama mashini ya kupiga barua, ila maneno hayatoki kwenye karatasi, yanatoka kwenye televizio ndogo. Watu wa biro wanaiogopa. Shefu alisema, "Citoyenne Tshiela, wewe ulisoma, ikae kwako." Nimejifundisha kitabu chake chote. Sasa naandika ndani yake treni zote na wagoni zote: iko wapi, imebeba nini, imetoka lini. Ukiiuliza inajibu mbele hujafunga mudomo. Jioni sitamani kurudi nyumbani.

Mutoto wako,
Marie-Louise Tshiela (Malu)

---

Kibombo, tarehe 20 mwezi wa tatu 1987

Malu wangu,

Usishangae mwandiko. Huyu ni Hamisi anaandika, yule anayegeuza reli na kushika bendera hapa kwetu. Mukono wangu wa kuume unauma; kibonyezo cha telegrafu kimeula miaka yote hii. Mimi nasema, yeye anaandika, na akiongeza lake nitajua.

Ndiyo, njo mimi. Kila asubui napiga: "Kindu, hapa Kibombo." Nangoja kidogo. Hakuna anayejibu. Halafu nakunywa chai. Mushahara wangu ni wa kupiga telegrafu, na waya ungali mzima, Hamisi anautembelea kwa kitoroli cha reli. Kama Kindu wamelala, si sababu Kibombo ilale. Lakini sikujua kwamba chuma kile cha Kalonji kingali kinagonga. Umenipa furaha ambayo siwezi kumwambia Hamisi, atanicheka.

Sasa mimi njo nina ulizo. Mashini yako iko na sikio?

Nakuuliza kwa sababu hii. Watu wa hapa wanaleta muchele gare bila kujua treni itapita siku gani. Wanalala chini ya mapaa, mvua inapiga magunia, muchele unaota majani ndani ya gunia. Wananiuliza, "Mzee, treni iko wapi?" Na mimi mwenye kofia ya reli sijui kuwashinda wao. Wewe unasema mashini inajua. Ingekuwa muntu, ningempigia telegrafu nimuulize. Kwa kuwa si muntu, kinachozuia niiulize ni nini?

Babako,
Badibanga

---

Kindu, tarehe 6 mwezi wa ine 1987

Papa,

Ulizo lako limeninyima usingizi, na mimi nakushukuru.

Sikia. Nyuma ya mashini iko tundu la kuchomekea mkono wa michezo. Watoto wa Ulaya wanashika mkono ule, wanabonyeza, na kitu kinaruka kwenye televizio. Nikafungua kitabu nione mashini inajuaje kwamba mtoto amebonyeza. Papa, haijui kitu kingine chochote! Inajua tu: umebonyeza, au hukubonyeza. Na telegrafu nayo, si ni ile ile? Umebonyeza kidogo, nukta. Umebonyeza sana, mstari. Nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Sasa nimemwomba shefu ufunguo wa chumba cha telegrafu, nikasema nataka kuweka makaratasi. Kweli niliweka makaratasi. Nimetoboa ukuta kwa msumari na kupitisha waya. Nimetengeneza sanduku dogo ndani ya kopo la maziwa ya unga, na nimeandika maagizo ndani ya mashini: sikiliza, pima urefu wa kila pigo, tafuta ni herufi gani, iandike kana kwamba muntu ameipiga kwa kidole hapa. Nikifaulu, wewe ukikaa Kibombo utabonyeza mashini ya Kindu kama uko kwenye kiti changu. Sitakuwa na lazima ya kuwepo hata mimi.

Nimekuchorea upande wako kwenye karatasi hii. Waya nyekundu inaenda kwenye betri, nyeusi inaenda ardhini. Angalia mchoro, uniambie kama nimekosa.

Malu

---

Kibombo, tarehe 17 mwezi wa ine 1987

Malu,

Mchoro umefika. Hamisi anasema ni muzuri sana. Lakini mimi ni muntu wa zamani, michoro inanichanganya. Nielezee kwa maneno, kama unavyomwelezea muntu aliyeingia chini ya meza na waya mukononi. Na mambo ya nyekundu na nyeusi, acha. Taa yetu hapa ni mbaya. Waya ya betri ifunge fundo moja, ya ardhini mafundo mawili. Vidole havikosi fundo.

Sasa unisikilize vizuri, hili si la kucheka. Waya ule unapita juu ya nguzo ndani ya pori toka hapa mpaka kwako, na kila radi ya Maniema inaujua. Mwenzetu mmoja wa Kongolo alipoteza nyusi zote mbili akinywa kahawa, kikombe kikiwa karibu na meza ya telegrafu tu. Waya wa nje usiguse mashini hata siku moja. Uishie kwenye kile chuma cha Kalonji. Waya uvute chuma, na chuma kikishuka kiguse waya mwingine, mufupi, wa ndani, njo huo uende kwenye mashini. Umeelewa? Mgeni asiingie chumbani. Abishe mlangoni, na mwenye nyumba abebe habari.

Umekwisha kuunganisha? Kama umekwisha, fungua waya leo leo.

Babako

---

Kindu, tarehe 18 mwezi wa tano 1987

Papa,

Nestor alichelewa, barua yako ilikuta nimekwisha kuunganisha. Radi nayo haikungoja Nestor. Ilipiga upande wa Mikelenge, kopo langu likatoa moshi, na biro yote ikanuka kama nywele zilizoungua. Nilikaa siku mbili sithubutu kuwasha mashini. Nilipoiwasha, iliamka! Tundu moja tu limekufa, na mashini ina mawili. Nikakaa na barua yako nikafanya neno kwa neno: mgeni mlangoni, mwenye nyumba ndani.

Halafu kazi ikaanza kweli. Ile asubui ya kwanza ulipiga, na kwenye televizio zikatoka herufi za wazimu, hakuna neno hata moja. Nilidhani nimekosa hesabu. Nikakusikiliza kwa sikio langu, siku baada ya siku, nikakuta kosa si la mashini wala si lako. Mimi niliifundisha mistari ya kitabu, yote urefu mmoja. Wewe hupigi hivyo. Mstari wa kwanza unauvuta, wa mwisho unaukata, kama muntu anayetembea na kuruka shimo. Ikabidi niifundishe mashini mukono wa Badibanga. Na jana njo ikatoka, polepole, herufi moja moja: KINDU HAPA KIBOMBO. Papa, nilisimama nikapiga makofi peke yangu kama mjinga.

Kwa hiyo sasa fanya hivi. Ukipiga T, itakutafutia treni. Ukipiga W na namba, itakupa wagoni. Ukipiga K, unaandika wewe mwenyewe kilichofika Kibombo, na kitabaki ndani kama nimeandika mimi. Ukipiga P, itachapa kwenye karatasi huku kwangu. Hiyo usiipige bila sababu: juzi mashini ya kuchapa ilianza kunguruma yenyewe wakati ninachana nywele, na nywele zikabaki nusu.

Majibu inakurudishia kwa mapigo ya telegrafu, kama ulivyotaka. Lakini Donatien wa duka la redio ana televizio kuukuu ya betri. Nataka kukutengenezea sanduku la pili uone maneno kwenye kioo, kama mimi. Ungependa? Na mwezi wa saba ningependa kuja kutembea.

Malu

---

Kibombo, tarehe 3 mwezi wa sita 1987

Malu,

Hapana. Televizio usilete. Masikio yananitosha, na betri za hapa zina kazi nyingine.

Mashini yako inajibu vizuri, ila inapiga kama askari, haina adabu ya kupumua kati ya maneno. Ipunguzie mwendo. Watu wa muchele sasa wanabaki kwao mpaka niwatume habari kwamba treni imepita Samba. Mama mmoja ameniletea kuku. Nimemwambia kuku ni wa mutoto wangu, halafu tukamula mimi na Hamisi.

Umeandika mwisho kwamba ungependa kuja kutembea mwezi wa saba. Usijichoshe. Waya umekatwa karibu na mto, watu wanautengeneza bangili, na Hamisi yuko njiani kila siku. Hatutakuwa na nafasi ya kukupokea. Ngoja mwakani.

Babako

Dada Malu, hii naandika mwenyewe, mzee ametoka nje: ukipata nafasi, njoo. Hamisi.

---

Kindu, tarehe 19 mwezi wa saba 1987

Papa,

Tangu nirudi nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Kule kwako sikuweza kusema. Nilipika, nilifua, nilicheka na Hamisi, nikapanda treni. Sasa nasema.

Nilishuka upande wa wagoni za mizigo kwa sababu nilitaka kukushtua. Ulikuwa umekaa kwenye benchi ya gare, kofia kichwani, mikono juu ya magoti. Ulikuwa umetazama kwangu kabisa. Nikasimama mbele yako, karibu ya kukugusa, nikitabasamu kama mutoto. Na wewe ukasema, kwa sauti ile ya kazi, "Citoyenne, treni ya Kongolo inakawia. Kaa kivulini."

Ukaniita citoyenne, mwananchi, kama abiria yeyote, Papa.

Niliposema "Ni mimi," uligeuka upande wa sauti, na nikaona macho yako yamefunikwa weupe kama maji ya muchele. Nikaelewa mafundo kwenye waya. Nikaelewa mchoro. Nikaelewa mukono unaouma, ambao uliutumia siku ile ile kupasua kuni. Kibombo yote wanajua, hata mama wa kuku anajua, mpaka mbuzi wa gare wanakupisha njia! Mimi peke yangu, na kampuni ya reli, njo tuliokuwa vipofu.

Nilikasirika, nakasirika bado. Mimi nilikuwa ninafurahia sanduku langu, ninakusimulia rangi za waya, ninataka kukuletea televizio. Kwa nini uliniacha niendelee hivyo?

Nieleze. Na Hamisi aandike yote, asipunguze.

Malu

---

Kibombo, tarehe 30 mwezi wa saba 1987

Malu wangu,

Hamisi anaandika yote.

Ni ugonjwa wa vile vinzi, nzi wadogo wa mtoni wanaouma. Nilikuja Kindu kwa daktari mwaka juzi, na sikuingia kwako. Aliniambia kilichokufa hakifufuki, na kilichobaki kitafuata. Nilikaa nje ya lango lako mpaka jua likaegemea, nikasikia unaimba ndani, nikarudi gare.

Nilikuwa naogopa vitu viwili. Cha kwanza ni nyumba. Nyumba hii ni ya reli. Siku reli ikijua kwamba mukubwa wa gare ya Kibombo haoni, nitapewa karatasi, na baada ya karatasi nitapewa siku za kutoka. Hamisi anatazama mahali pangu, mimi nasikia mahali pake. Treni ikiwa mbali mimi njo namwambia, kwa kuweka mukono kwenye reli. Hatujakosa hata moja.

Cha pili ni wewe. Uliponiuliza, "Papa, ni wewe?" nilikuwa muntu anayegonga waya kwa sababu hakuna kazi nyingine anayoiweza. Barua yako ikanigeuza tena kuwa telegrafisti. Uliniuliza mambo ya waya na radi, ukangoja nijibu. Ningekuambia habari ya macho, ungeacha kuniuliza. Ungeanza kunituma nipumzike.

Na tena nilikuwa nataka kujua kama itawezekana! Mutoto, kila asubui nilikuwa naamka na ulizo. Miaka mingi sikuamka na ulizo.

Usimwambie shefu Ngoyi. Nakuomba hilo tu.

Babako

---

Kindu, tarehe 27 mwezi wa nane 1987

Papa,

Unajua nusu ya jambo hili, kwa sababu ulikuwa upande wa pili wa waya. Nusu nyingine ni hii.

Jana shefu Ngoyi aliingia biro na muntu wa usalama aliyetoka kwa komisera. Walikuja kwa habari nyingine, redio ya mfanyabiashara fulani. Muntu yule alikuwa ameegemea meza yangu anavuta sigara, na televizio ikaanza kuandika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono yangu ikionekana yote. Ikaandika, K, WAGONI ILE IMEFIKA, MUCHELE.

Muntu yule akatoa sigara mdomoni. "Nani anaandika?"

Nikasema, "Kibombo, citoyen."

"Kibombo iko na ordinatere?"

"Hapana. Iko muntu na waya."

Shefu alikuwa ananitazama kama mimi njo nimeota pembe. Nikaeleza yote, kopo, tundu, chuma cha Kalonji. Kadiri nilivyoeleza ilizidi kuwa mbaya. Muntu wa mbali anaongoza mashini ya reli ndani ya biro ya serikali, kwa waya uliopita ukutani! Hata mimi nilipojisikia nilijiogopa. Akasogea kwenye kioo, akauliza polepole, "Huyu anatuona?"

Papa, ulikuwa umeniomba nisiseme. Nikasema, "Hapana. Haoni." Nikaona sijasema uongo, na sijasema kweli.

Mukono wangu ulikuwa karibu na waya wa umeme, ningeweza kuzima. Akasema, "Acha. Muulize: UNAONA NINI HAPA." Nikapiga herufi hizo, chuma kikaanza kugonga kwenda kwako. Tukangoja. Niliomba waya ukatike. Niliomba mutengeneza bangili afike.

Halafu majibu yako yakatoka, herufi moja moja, nawe ulikuwa unavuta mistari ile ya kwanza kama kawaida:

SIONI KITU MIMI KIPOFU MACHO YAMEKUFA KAZI INAENDELEA NANI ANAULIZA

Shefu Ngoyi alivua kofia yake, sijui kwa nini, akaishika tumboni. Muntu wa usalama akasoma mara mbili, akasema, "Kipofu wa Kibombo anaendesha mashini ya Kindu?" Nadhani kwenye karatasi zake hakuna mahali pa kuandika kosa la namna hiyo. Basi akachukua kopo la maziwa, akaling'oa na waya zake, akaondoka nalo chini ya kwapa.

Shefu amesema nisiguse kitu mpaka aniite. Sijafukuzwa. Wewe je? Ulijua ni nani anayeuliza? Ungeweza kunyamaza!

Malu

---

Kibombo, tarehe 12 mwezi wa kenda 1987

Malu,

Nilijua si wewe. Vidole vilikuwa vyako, maneno hayakuwa yako. Wewe huniulizi naona nini, hasa tangu mwezi wa saba. Nikafikiri kuna mukubwa amesimama nyuma yako na wewe unabeba uongo wangu mgongoni. Mzigo ni wangu, nikaubeba.

Karatasi imefika. Hamisi aliisoma mara ya kwanza kimoyomoyo, nikasikia pumzi yake, nikajua. Nastaafishwa. Mukubwa mupya wa gare atakuja mwisho wa mwezi wa kumi, na nyumba nimuachie. Usilie. Nimelala vizuri kuliko miaka miwili yote. Muntu akipita siku hizi nasema wazi, "Wewe nani? Mimi sikuoni," na neno hilo ni jepesi, sikujua.

Asubui bado napiga. Hakuna kopo huko, najua, lakini chuma cha Kalonji kipo. Kama unasikia ukutani, usijibu, wasikuone. Sikiliza tu.

Nimeanza kumfundisha Hamisi. Mukono wake ni kama wa muntu anayetwanga.

Babako

---

Kindu, tarehe 8 mwezi wa kumi 1987

Papa,

Nasikia kila asubui. Sasa sikia wewe.

Phonie imekufa kabisa. Treni ya muchele ilikaa njiani, hakuna aliyejua wapi, na wakubwa wa juu walimpigia kelele shefu Ngoyi mpaka masikio yake yakawa mekundu. Juzi akaja kwenye meza yangu, akafunga mlango. "Citoyenne, lile kopo. Unaweza kutengeneza lingine?"

Nikasema kopo si tatizo, maziwa yanauzwa.

Akakaa. Halafu akasema, akitazama kofia yake, kwamba kama wewe ulipiga telegrafu miaka hii bila macho, na yeye hakugundua kwa kuwa treni hazikukosa, basi aibu ni ya nani. Akaendelea: mukubwa mupya wa Kibombo hajui telegrafu, Hamisi anajifunza, lakini Kindu, kwenye chumba cha Kalonji, kunahitajika muntu wa kusikia waya siku mashini inapokosea na saa jenereta imezimwa. Nafasi ni ya kibarua, nyumba haina. Karatasi ataiandika kwa jina lako mwenyewe. Komisera amekubali, kwa masharti kwamba waya upite mlangoni, usipite ukutani, ili kila muntu auone.

Nyumba iko: yangu. Chumba cha nyuma nimekwisha kukifagia. Toka kitandani mpaka mlangoni nimefunga kamba, na ina mafundo. Fundo moja ni mlango, mawili ni choo. Nestor atakushika mukono kwenye treni. Kuja.

Malu

---

Kibombo, tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 1987

Kwa Mzee Badibanga, chumba cha telegrafu, gare ya Kindu

Assalaam aleikum mzee wangu,

Naandika kwa kalamu kwa sababu jambo hili silitaki lipite kwenye waya, Kongolo nao wanasikia. Sisi wote wazima. Mukubwa mupya ni muntu wa utaratibu, anapiga rangi kila kitu, amepiga rangi hata benchi yako.

Najua mukono wangu unakuumiza masikio. Jana nilipiga TRENI ukanirudishia mara tatu kabla ya kunipa jibu, na mukubwa mupya akauliza kama mashini imeharibika. Nikasema hapana, inafundisha.

Nataka kukusimulia habari ya juma hili. Mama Zaina wa ng'ambo ya soko, unamkumbuka kwa sauti, alikuja gare. Mwanawe Shabani alikwenda Punia kuchimba, akaugua kifua, na watu walileta habari kwamba ameshuka mpaka Kindu na atapanda treni. Tangu hapo hakuna neno. Akasema, "Hamisi, uliza mashini kama mutoto wangu iko ndani ya treni."

Nikamwambia, "Mama, mashini inajua wagoni. Haijui watu."

Hakubisha. Alikaa chini, mbele ya mlango, akaweka kitambaa usoni. Mimi nikaona haya kukaa na kibonyezo mukononi na kumtazama. Basi nikauliza. Nilipiga vibaya, najua: SHABANI WA ZAINA IKO TRENI. Niliona ni kazi bure, nilipiga tu ili asikie chuma kinagonga.

Waya ukanyamaza. Mashini yenu hainyamazi hivyo. Ikikosa jibu inasema papo hapo imekosa. Nikafikiri wamekata tena kule mtoni. Nilichemsha chai, ikapoa. Mama Zaina hakuinuka. Halafu kikagonga, na mstari wa kwanza ukavutwa, wa mwisho ukakatwa:

IKO WAGONI YA NYUMA ANAKOHOA LAKINI ANACHEKA ANATAKA SOMBE

Nilimsomea. Alifunga kitambaa chake kichwani, akashika njia ya kwake mbio, na muda si mrefu tukasikia kinu kikitwanga majani ya muhogo.

Mzee, treni ilikuwa bado kwenye gare yenu, imejaa watu na mbuzi, na ngazi za ile biro ni mbovu. Sikuulizi ulishuka vipi, wala uliita jina hilo mbele ya wagoni ngapi mpaka mwenyewe akaitika. Sikumwambia Mama Zaina kwamba ordinatere haisikii kikohozi.

Treni yenyewe inaingia sasa, imepiga honi kwenye kona. Naacha kalamu nishike bendera. Harufu ya sombe imefika mpaka hapa.

Mimi,
Hamisi